Safari ya Vikombe Saba vya Shomari

Mmeniuliza sana juu ya safari yangu. Mama Tatu aliniuliza kisimani, Bi Fatuma binti Haji akaniuliza kwenye hitima hata wali haujapakuliwa, na wenzangu wa kusuka ukili kila mmoja nimemweleza kipande chake. Sasa vipande vimeanza kugombana. Nasikia yuko anayesema niliuza kikombe cha dhahabu. Basi naandika yote mara moja, msomeane. Mwandiko wangu ni wa kisomo cha watu wazima. Mwalimu Rajabu alikuwa akisema herufi zangu zinakimbia. Zikimbie, mradi zifike.

NDAGONI

Marehemu mume wangu, Shomari Kombo, alikuwa fundi laini, yule wa kupanda nguzo za simu. Kabla hajanioa alifanya kazi bara, kwenye laini iliyofuata reli. Alipohamishiwa huku Mafia alikuja na vikombe saba vya kioo, vya kijani, alivyoruhusiwa kuvichukua walipobadilisha vya huko. Ni vile vikombe vinavyokaa juu ya nguzo kichwa chini, waya ukafungwa shingoni mwake, ili sauti isikimbilie kwenye mti ikapotea ardhini. Alinihesabia siku tulipohamia nyumba yetu: saba. Baadaye akavifunga kwenye gunia, akavitia sandukuni chini ya kitanda, nami sikuvigusa. Kikombe kisichokaa wima cha kazi gani?

Mwaka huu ikaingia kwenye simu za watu kwamba kuna mtu Dar es Salaam ananunua vikombe kama hivyo. Nikatoa gunia barazani. Bi Kidawa alikuwapo, jirani yangu ukuta kwa ukuta, tumesuka naye mikeka miaka mingi hata sihesabu. Akaangalia, kisha akasema mbele ya watu:

"Kumbe viko kwako."

"Vina nini?"

"Usiku ule wa Zuhura, watu walikimbia Utende kupiga simu gari lije kutoka Kilindoni. Simu imekufa. Ikasemwa nguzoni hakuna kikombe, kimechukuliwa. Kumbe mumeo alikuwa akivilalia."

Zuhura alikuwa mdogo wake, tumbo moja, mke wa Hamadi. Alikufa na uchungu wa uzazi, yeye na mtoto.

"Kidawa, hivi ni vya bara."

"Nani kakwambia?"

"Shomari."

"Na mwizi angekwambia nini?"

Tangu siku hiyo haitikii salamu yangu. Wiki tatu nasalimu ukuta. Kula nakula nimesimama, usingizi nauanza naukatisha, ukili nasuka nafumua. Mwisho nikasogea ukutani nikasema kwa sauti: "Kidawa, nakwenda kuviuliza vikombe vyenyewe. Wapo watu wanaovijua kimoja kimoja. Vikiwa vya laini yetu, nitasimama mlangoni kwako niseme kwa kinywa changu Shomari aliiba, kisha nipite nyumba hadi nyumba kumwombea radhi." Nikamsikia anakohoa tu.

Hapo nikafanya kosa langu. Kwetu mnajua, chombo hakiendi kwa mtu kitupu. Nakwenda kwa mgeni, namwomba kazi, nimpelekee vyombo vitupu? Nikapika kashata za nazi, nikazishindilia moto moto ndani ya vikombe vyote saba, nikafunga kila kimoja na kitambaa. Wakati nashindilia nikasikia tik. Nikasema ni mkaa.

KILINDONI

Issa wa Makame alinichukua na pikipiki yake, kapu mapajani. Kila tuta namwambia taratibu. Akasema, "Bibi, umebeba mayai?" Nikamwambia nimebeba jina la mtu. Akapunguza mwendo.

Boti ilikuwa iondoke asubuhi. Maji yakawa hayajajaa, tukaambiwa tungoje. Nikakaa, nikasimama, nikaenda mpaka gatini, nikarudi. Bwana Akbar, mwenye duka la vyombo, akaniona napita mbele yake mara ya nne.

"Bi Hawa, utachimba mtaro hapo. Njoo unywe chai."

Nikanywa chai yake ya maziwa na mkate wa kumimina. Nikamfungulia kitambaa kimoja aone. Akacheka mpaka akafuta macho: "Marehemu baba alikuwa nacho kama hiki, cha kuzuia karatasi zisiruke. Lakini chake hakikuwa na kashata." Kisha akaninong'oneza: "Ukifika kwa huyo mnunuzi, uliza unachotaka kujua kwanza. Ukianza na bei, hutasikia kingine."

NYAMISATI

Kwenye boti nilikaa na Mwajuma binti Selemani, wa Kilwa, anarudi kwao kutoka dago, kambi alikokuwa akiwapikia wavuvi. Ana furushi la samaki wa ng'onda, nina kapu la kashata, harufu zetu zikapigana. Tulipotoka nje ya mwamba bahari ikaanza kutupa, nami kila boti ikishuka nashika vitambaa nahesabu. Moja, mbili, mpaka saba. Mwajuma ananitazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Hayo mafundo saba ni ya nini? Ni dawa?"

Nikamwambia ni vikombe vya simu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyefichwa jambo. Kidogo naona amemnong'oneza wa pembeni, wa pembeni kamnong'oneza wa nyuma. Mara mwanamume mmoja, mtu mzima na ndevu zake, akaja akachuchumaa miguuni pangu.

"Bibi, nyavu zangu zimefungwa. Mwezi wa pili huu sipati kitu."

"Mimi si mganga, baba."

"Wote husema hivyo."

"Hii ni kashata!"

"Basi nipe hiyo kashata."

Nikaona nikikataa nitakuwa mganga mwenye choyo. Nikafungua kitambaa nimmegee. Haitoki! Vikombe vile ndani vimechongwa mizunguko kama ya skrubu, ndipo vinapokazwa kwenye nguzo, na kashata ilipopoa ilijikaza humohumo. Yule bwana akavuta kwa kidole, akavuta kwa jino, akarudisha kikombe kwa heshima zote: "Dawa kali." Akaenda zake. Mwajuma alicheka mpaka kichefuchefu kikamwisha. Jina la yule bwana ni Abdala Mtoro. Kama anasoma haya, nyavu zikifunguka si mimi.

MBAGALA

Kutoka Nyamisati basi lilikuwa litufikishe mchana. Likapasuka tairi kabla ya Kibiti, la akiba nalo halina upepo. Tukakaa chini ya mikorosho. Dereva, Sadiki, akasema nusu saa. Wanawake wa pale wakaleta mihogo ya kuchemsha na chachandu, nusu saa ikazaa nyingine, na nyingine. Wenzangu walilala kwenye majani. Mimi nilikuwa nazunguka basi. Ile tik ya jikoni ilikuwa imenirudia. Mkaa wa mikoko haulii vile.

Asha, binti yangu, alinipokea Mbagala jua limeshuka. Alinipikia samaki wa kupaka. "Mama, na kama aliiba, iweje?" akauliza. "Watu wamesahau."

"Kidawa hajasahau."

"Baba mwenyewe hayupo."

"Ndiyo maana nakwenda mimi."

ILALA

Mnunuzi anaitwa Bwana Fidelis. Duka lake limejaa saa zilizokufa, redio za mbao, pasi za mkaa. Kijitu chembamba, miwani mbili, moja juu ya kichwa na moja puani. Nilipomwekea vitambaa saba mezani akafungua cha kwanza, akanusa.

"Mama, hiki ni nini?"

"Karibu kashata."

Aliniangalia, akaona sina mzaha, akasema ahsante. Akachukua bisibisi akaanza kuchokonoa. Alichokonoa vyote saba, akila vipande, akimimina maji ya uvuguvugu, na alipomaliza meza yake ilikuwa imejaa sisimizi.

Nikakumbuka maneno ya Bwana Akbar. "Sijaja na bei," nikamwambia. "Nataka kujua vilitoka laini gani."

Basi akanifundisha, na aliyonifundisha nawapa. Kikombe huulizwa mambo matatu. Rangi yake ukikiinua mwangani. Maandishi yake, ambayo hayakuandikwa, yametoka na kioo chenyewe kwenye kalibu, ukipitisha kidole unayapata. Na pindo lake la chini. Alivipanga. Sita vya kijani cha chupa, vyote vina herufi mbili mgongoni. "Hizi ni herufi za reli," akasema. "Hivi sita ni vya bara, naapa."

Nikasogea mezani. "Na cha saba?"

Cha saba alikiinua muda mrefu. Rangi yake mwangani si kijani, ni ya maji ya kina kifupi juu ya mchanga. Herufi hakina. Na chini kina mapindo mawili, moja ndani ya jingine, kama mwanamke aliyevaa gagulo.

"Hiki ni cha pwani. Mahali penye hewa ya chumvi, pindo moja halitoshi, chumvi ikilowa waya unavuja. Waliweka mapindo mawili. Mumeo alifanya kazi pwani wapi?"

"Mafia tu."

Nilitafuta kiti nikakikosa, kumbe nimekikalia.

Yeye hakuona. Alikuwa amechangamka. Hivi sita, akasema, vipo vingi, kila kimoja bei ya kuku. Lakini hiki! Hiki hajawahi kukishika. Hiki peke yake ni mbuzi na beberu wake. Yaani kile nisichokitaka ndicho chenye thamani. Kisha akawasha taa ya simu akamulika ndani, na uso wake ukazimika.

"Ah. Kina ufa. Huu hapa, pindo la ndani mpaka juu." Akakisukuma mbali kama sahani chafu. "Hakina bei tena, mama. Ulitia nini humu, kashata ya moto?"

"Ya moto."

"Ndiyo imekipasua. Umepika mbuzi wako mwenyewe."

Akacheka. Mimi nilikuwa nawaza tik. Kumbe siyo tu Shomari amechukua kikombe cha watu, mimi nimekivunja, hata cha kurudisha hakuna. Nikamuuliza, yuko mtu wa kusema kwa hakika kama hiki kilikuwa juu ya nguzo za Mafia? Akafikiri. "Msimamizi aliyejenga laini za pwani yuko hai. Mzee Mtonga. Nilinunua kwake mwaka jana. Yuko Morogoro."

Nilimwachia viwili vya kijani kwa nauli. Asha alitaka nipumzike siku mbili. Nilipumzika kwa kusimama mlangoni.

TRENI

Asha alinikatia treni mpya ya umeme. Mimi siijui. Kapu likapita kwenye mashine inayochungulia, na binti mwenye sare, jina kifuani Neema, akaniita kando.

"Bibi, vitu hivi vitano vizito ni nini?"

"Vikombe."

"Mbona havina mkono?"

"Vya simu."

"Simu gani inakunywa?"

Akamwita mkubwa wake, Bwana Lazaro, mtu wa makamo. Alipokishika tu akatabasamu. "Sisi tulikuwa tunavipiga manati tukitoka shule. Ukikipata, kinalia vizuri." Nikamwambia, ninyi ndio mlioua simu za watu. Akaacha kutabasamu. Akavifunga mwenyewe, kimoja kimoja, akanipeleka mpaka kwenye kiti.

Treni ile haitikisiki. Ningependa itikisike. Kitu kikienda kimya namna ile unasikia mawazo yako yote.

MOROGORO

Mzee Mtonga anakaa chini ya mlima, nyumba ina mfereji wa maji unaopita uani. Macho yamekwisha, anaona kivuli tu. Mkewe, Mama Veronika, alituletea ugali na mboga ya maboga ya karanga. Sikuweza kungoja tule. Nikamtia kikombe mkononi.

"Shikamoo mzee. Mimi ni mjane wa Shomari Kombo. Niambie hiki ni cha wapi."

Alikizungusha, akapitisha kidole gumba kwenye pindo. Akakiweka ulimini. Akakunja uso. "Mbona kitamu?"

Nikamweleza kashata. Mama Veronika akacheka mpaka akaweka bakuli chini. Mzee hakucheka.

"Hiki ni cha Mafia. Viliagizwa kwa kazi ile peke yake. Nilivipokea mwenyewe, nikavipandisha mwenyewe na vijana wangu, na Shomari mmoja wao."

Basi, neno limekwisha, nikasema moyoni. Nikaanza hata kupanga maneno ya kumwambia Kidawa. Ila kidole chake kilikuwa kimesimama.

"Ufa huu wa lini?"

"Nimeupasua mimi, mzee. Wiki hii."

"Vero, kaangalie juani. Ufa una rangi gani?"

Mama Veronika akakipeleka uani, akakiosha mferejini, akakisugua kwa nyuzi za katani, akakiinua. "Mweusi," akasema. "Kama umechorwa na wino. Hautoki."

"Kioo kikipasuka leo ufa ni mweupe, unang'aa," mzee akasema. "Weusi ni wa miaka. Na huu umeanzia juu, kwenye shingo palipo na waya. Moto umeshuka na waya. Hii ni radi. Moto wako wa kashata umeuamsha tu ukalia." Akakipokea tena. "Sasa nakumbuka. Shomari alikuwa na vikombe vyake vya reli, siyo?"

"Saba."

"Leo viko vingapi vya reli?"

"Sita, pamoja na viwili nilivyouza." Na nilipolisema neno hilo nilisimama.

"Cha saba nilikiona mimi. Nilikwenda kisiwani kukagua, nikakuta juu ya nguzo moja ya njia ya Utende kikombe cha kijani kati ya vyeupevyeupe. Nikamgombeza, nani kachanganya? Akaniambia radi ilipiga usiku, kulipokucha mvua imekatika akapanda, kikombe kimepasuka, stoo hakuna kingine. Akaweka chake. Kazini kwetu kibovu kilirudishwa ndipo upewe kizima, na kila kikombe kina hesabu. Angekirudisha, wangeuliza laini ilisimama na nini, na kuweka kisicho na hesabu ni kosa. Nikamwambia ficha hicho, na usimwambie mtu hata mkeo, tutafukuzwa wote wawili."

"Watu walisema kimeibiwa."

"Waliona nguzo tupu, ameshashusha kibovu na hajaweka chake."

"Na aliwasikia wakisema?"

Mzee alinishika mkono, akautafuta kwanza hewani. "Mama, nilimwambia anyamaze. Sikumwambia mpaka lini. Nisamehe."

Nilimsamehe baadaye kidogo, ndani ya treni. Pale nilikula ugali wote.

KURUDI NDAGONI

Ya njiani siyaandiki, njia ni ileile na tairi ni lilelile. Nilishuka kwenye pikipiki ya Issa, sikuingia kwangu. Nilikwenda mlangoni kwa Kidawa na kapu langu na vumbi langu.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Nikasema yote, nimesimama, tangu herufi za reli mpaka mfereji wa Mzee Mtonga. Nikampa kikombe, nikamwonyesha kwa kidole ufa ulipo. Aliupitia kwa ukucha, chini hadi juu, mara tatu.

"Radi," akasema.

"Radi."

"Akapanda asubuhi."

"Kulipokucha. Mvua ilipokatika."

"Zuhura alikata roho alfajiri." Aliweka kikombe juu ya ungo, katikati ya mchele. "Sasa nigombane na nani, Hawa? Radi haina mlango nikaugonge."

Kwa safari nzima nilikuwa nimetafuta jibu la kwangu, la kwake sikulifikiria. Nikakaa chini pembeni yake. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa bila kutaka kuinuka tangu nilipotoka. Tukachambua mchele. Punje mbovu anatupa kulia, mimi kushoto, kuku wanagombania.

Baada ya muda akaanza kusema, siyo kwangu, kwa mchele. Alisema Zuhura alikuwa anapenda embe mbichi kwa chumvi mimba ile yote. Alisema alikuwa mvivu wa kuteka maji na hodari wa kuimba. Alisema usiku ule, kati ya uchungu na uchungu, alikuwa anawaambia wanyamaze kulia, atazaa binti na jina lake amekwisha kulichagua, na kwamba tangu alfajiri ile hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Kidawa jina hilo lilikuwa lipi.

Nikamwuliza.

Mwanaidi binti Hamadi. Nimeliandika hapa, mlisome.